Moyo Tumeshatiwa, Sasa Tupeni Karatasi

Sisi tunaoandika mambo ya imani hapa Gatumba tumetiwa moyo hadi umefurika. Haipiti Jumapili bila mtu kutushika mkono mlangoni pa kanisa: "Mtumishi, usikate tamaa, kalamu yako ina upako!" Mchungaji husema hivyo. Mama mchungaji husema hivyo. Mgeni aliyealikwa kutoka mjini Bujumbura husema hivyo kwa Kifaransa, kisha mkalimani hutushushia kwa Kirundi na kwa Kiswahili, nasi tunaitikia amina mara mbili, moja kwa kila lugha. Tukifika nyumbani tunatafuta kayee, daftari la kuandikia, tunakuta karatasi za katikati zimechomolewa. Mtoto alikuwa na mtihani wa hesabu.

Msomaji wa mbali pengine atashangaa kusikia Gatumba kuna waandishi. Habari zetu zinazotoka nje ni za maji na za risasi. Lakini ukitoka Bujumbura ukashika barabara ya Uvira, kabla hujafika mpakani utatukuta: katekista mstaafu, mwalimu wa shule ya msingi, mama anayeuza ndagala sokoni na kutungia kwaya nyimbo, kijana wa baiskeli ya mizigo anayeandika mashairi kwenye simu huku akisubiri mteja, na ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo na kitabu chao cha Nyimbo za Wokovu kifuani. Tunatoka makanisa tofauti, na kuhusu ubatizo hatukubaliani hata kidogo. Tunaandika nyimbo, michezo ya Noeli, mafundisho ya vijana, shuhuda, na yale maneno ya msibani ambayo familia huomba jioni ili yasomwe asubuhi. Manung'uniko yafuatayo ni ya wote.

Tuanze na malipo, maana hapo watu huona haya. Malipo yetu yanajulikana: "Mungu atakulipa." Hatumdai Mungu. Hesabu kati yetu naye, pale zisipokaa sawa, wenye deni ni sisi. Tunachouliza ni mbona fundi wa spika halipwi kwa njia hiyo. Akija kufunga waya kabla ya mkutano wa injili hutaja bei yake, akapewa nusu mkononi na nusu baada ya kazi, wala hakuna anayemwambia ahesabu thawabu za mbinguni. Anayeshona sare za kwaya, vivyo hivyo. Mpishi wa harusi hupata chakula chake na nauli. Aliyetunga wimbo unaoimbwa na watu waliovaa sare zile, mbele ya spika zile, yeye hupewa mstari wa Biblia.

Na kuandika kuna gharama zake. Twende sekretariati. Ni chumba kidogo kando ya barabara: kompyuta mbili, printa moja, mashine ya fotokopi ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa utepe. Kijana anauliza kurasa ngapi, anataja bei ya ukurasa. Unaanza kumsomea mwenyewe kwa sababu mwandiko wako haumwingii. Unamsomea maombolezo ya mama aliyefiwa na mwanawe, na nyuma yako amesimama mtu mwenye kitambulisho mkononi anataka fotokopi, anasema harakisheni jamani, mpaka unafungwa. Kompyuta yenyewe ina akili ya Kifaransa: kila neno la Kiswahili inalipigia mstari mwekundu chini, ukurasa mzima unawiva, na kijana kwa nia njema kabisa anaanza kusahihisha mpaka mistari ipungue. Mkifika nusu, umeme unakatika. Hakuhifadhi. "Pole, mzee." Ukirudi kesho yake unalipa upya, maana naye ana jenereta, na mafuta katika Burundi ya miaka hii hutafutwa kwa foleni ambazo magari hulala usiku kucha.

Umelipa, umepata kurasa zako, umezikabidhi kwa kwaya. Sasa wimbo unaanza kutembea bila wewe. Dada yetu wa ndagala aliutunga mmoja baada ya kumzika mwanawe. Kwaya yake ikauimba, kwaya ya jirani ikaupenda, kijana mmoja akaurekodi kwa simu. Ukavuka mpaka, ukafika Uvira, ukarudi Gatumba kwenye flashi umevishwa kinanda na ngoma za mashine, na jina la mtu mwingine juu yake. Aliposema kitu akaambiwa wimbo ni wa Roho Mtakatifu, hauna mwenyewe. Hilo kwa upande wa imani hatulikatai. Tumeona tu kwamba Roho huyo hunyang'anya majina ya watunzi peke yao. Kwenye bango la tamasha majina ya waimbaji yamejaa, na picha zao, na namba za simu za kuwaalika. Burundi ina sheria ya kulinda haki za watunzi tangu Desemba 2005, na ofisi ya kuisimamia ipo. Lakini kumpeleka ndugu katika Bwana mbele ya mahakimu ni jambo ambalo Paulo aliwakemea Wakorintho kwa ajili yake, na kila tukiitaja sheria tunasomewa sura ile ya sita ya waraka wa kwanza, polepole, mpaka mwisho.

Kuhusu semina za uandishi hatuna mengi. Huja na bango, projekta na mwalimu aliyevaa vizuri. Tunafundishwa kwamba mwandishi Mkristo ni mtu wa maombi, jambo tulilolijua. Mwalimu hurudi mjini na bahasha yake, sisi tunarudi nyumbani na fanta moja na cheti. Vyeti tunavyo. Mmoja wetu ameandika beti nyuma ya chake, kwa kuwa ile ndiyo karatasi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa na kanisa.

Kuna na wakubwa wanaotaka vitabu. Mkubwa hukuita ofisini, anakueleza maisha yake toka alipozaliwa, wewe unaandika, unapanga, unatafuta mistari ya Biblia ya kutilia nguvu. Kikitoka, jaladani kuna picha yake na ya mama, na ndani kuna shukrani kwa "wote waliosaidia". Wote hao ni wewe. Tuliyaacha hayo yapite, kwani angalau ndiyo kazi pekee ambayo mwandishi hupewa kalamu mpya.

Maji ndiyo yametuumiza zaidi. Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo ikaingia Gatumba, na maelfu ya watu wakatoka na kile walichoweza kubeba kichwani. Wengi waliishia kwenye mahema ya Kinyinya, wengine kule Sobel, upande wa Maramvya. Mwaka uliofuata ziwa Tanganyika nalo likapanda likatufuata. Aprili 2024 mambo yakawa mazito kiasi kwamba serikali na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa pamoja kuomba msaada wa dunia. Viboko walipita usiku palipokuwa uani mwa watu.

Anayekimbia maji hubeba mtoto, godoro, sufuria na Biblia. Kayee haimo. Katekista wetu alikuwa ameweka kazi zake za miaka mingi kwenye sanduku la bati mvunguni: mafundisho, tenzi, mchezo wa Noeli ambao watoto waliucheza hadi wakawa wazazi. Maji yaliposhuka alirudi akalifungua. Wino wa biki haukutoka, na hilo lilitushangaza. Herufi zilikuwa pale pale. Kilichoshindwa ni karatasi. Kurasa zilishikana kama chapati zilizorundikwa zingali moto, na kila alipobandua moja, nusu ya maneno yake yalibaki mgongoni mwa jirani, yakionekana kinyumenyume. Tulizianika juu ya mkeka tukazikandamiza kwa vijiwe pembeni upepo usizichukue. Tope la Rusizi likakauka likawa unga, ukipuliza linaondoka na wakati mwingine linaondoka na neno. Kurasa zilizogeuka tuliazima kioo cha kinyozi tukazisomea ndani yake, mmoja ameshika kioo, mmoja anasoma, mmoja ananakili. Watu walikuja kumtia moyo. Wakamwambia Mungu atarudisha mara saba. Hatujui kama walifikiria habari ya tenzi.

Katika siku zile mhubiri mmoja alitufungulia Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo la nabii vipande vipande kwa kisu akavitupa motoni, na Mungu akaagiza liandikwe tena, na safari ya pili yakaongezwa maneno mengi. Mahubiri yalikuwa mazuri, wengine tulilia. Alichoruka mhubiri ni sehemu ile ambapo Yeremia anachukua gombo lingine na kumpa Baruku, karani wake. Gombo lilikuwapo! Mtu fulani alilinunua, au alilitunza mahali pakavu. Baruku hakuambiwa aandike hewani kwa imani.

Haya yote, pamoja na uchungu wake, tungeyameza. Tumezoea. Lisilomezeka ni kwamba huko kutiwa moyo kuna sharti lake, nalo ni kwamba na sisi tuandike yanayotia moyo peke yake. Ushuhuda sharti uanze na shida, upande na maombi, ushuke na ushindi: nilikuwa, nikaomba, Mungu akatenda. Ukiishia katikati unarudishiwa. Kamati inakuuliza kwa upole, "Na mwisho wake uko wapi, mtumishi?"

Tuna habari ambazo mwisho wake hatujaupata. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliotoka Kongo, waliuawa kambini hapa hapa Gatumba. Wako waliochomwa ndani ya mahema, wako waliopigwa risasi, watoto wakiwamo. Kundi la waasi la FNL lilikiri. Hukumu hatujaiona. Septemba 2011 watu wenye silaha wakaingia baa moja jioni, wakaua zaidi ya 30 waliokuwa wamekaa wanakunywa. Desemba 2023, siku tatu kabla ya Noeli, Vugizo, hapa kwetu, ikashambuliwa, watu 20 wakafa, wengi wao watoto. Kwaya zilikuwa katika mazoezi ya mwisho wiki ile. Sasa mwandishi anayeketi kuandika usiku wa namna hiyo, aweke ushindi wapi? Katika mstari gani?

Mmoja wetu aliandika juu ya kambi ile, bila kumtaja muuaji, bila siasa, habari za viatu tu: viatu vya watoto vilivyobaki asubuhi na watu waliokuja kuvitambua. Akapeleka kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Akajibiwa kwamba kazi ni nzuri lakini inavunja moyo, aongeze aya ya kufungia. Wako waliosema hivyo kwa hofu, na hofu yao tunaielewa. Kuishi mpakani kumetufundisha lipi la kusema kwa sauti. Lakini wengine walisema kwa mazoea tu, kama mtu anayekukumbusha kubandika stempu.

Tukaenda kusoma Zaburi ya 88. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia ikihubiriwa. Inaanza kwa kilio, inaendelea kwa kilio, inamwuliza Mungu maswali magumu bila kumpisha, na inaishia gizani. Neno la giza ndilo linaloifunga. Ushindi haumo. Na wazee waliokusanya Zaburi wakaiweka humo, pamoja na zile za shangwe, ikaimbwa hekaluni na wana wa Kora. Ingepita kwenye kamati zetu? Ingerudi na maandishi ya penseli pembeni.

Hapa hatukuwa na sauti moja, tuseme ukweli. Mwalimu wa shule alitupinga. Alisema ninyi mnataka kulia kwa sababu mna pa kulala. Mtu aliye chini ya turubai Kinyinya, mvua inampiga, anataka neno la kumshikilia mpaka asubuhi. Akatoa mfano wa mjane aliyemwomba amtungie kitu cha kuimba usiku usingizi ukigoma. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe yule wa baiskeli akamwuliza, huyo mjane alitaka wimbo wa namna gani? Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba mjane alikuwa na ombi moja tu: jina la mume wake liwemo. Alitaka aliimbe lile jina. Ushindi hakuutaja.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu kimeanzia mbali. Sandra Uwiringiyimana alikuwa na miaka 10 usiku ule wa Agosti 2004, na mdogo wake aliuawa. Familia yake ilihamia Rochester, katika jimbo la New York, mwaka 2007. Miaka kumi baadaye, 2017, akatoa kitabu How Dare the Sun Rise, alichokiandika pamoja na Abigail Pesta. Hatuna neno baya juu yake. Amefanya lililotushinda, na amelifanya kwa machozi yake mwenyewe. Kinachotukera ni kwamba kitabu kinachosimulia mahali hapa, tunapopita kila siku tukienda sokoni, sisi tunakisikia kwa Kiingereza cha mtoto wa jirani, anayetutafsiria kwa kubahatisha kutoka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Si hicho tu. Padri Zacharie Bukuru alikuwa mkuu wa seminari ndogo ya Buta tarehe 30 Aprili 1997, vijana 40 walipouawa baada ya kukataa kujitenga, Wahutu huku na Watutsi kule. Kitabu chake juu yao kilichapishwa Paris mwaka 2004. David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki, aliandika Unlocking Horns pamoja na Lon Fendall, juu ya kusameheana katika nchi hii. Kilitoka Oregon, Marekani, mwaka 2001. Paris, Oregon, New York. Huzuni zetu zina pasipoti kutushinda.

Wazee wanatukumbusha kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 1968 Padri Michel Kayoya alitoa Sur les traces de mon père, na kilichapwa hapa Bujumbura, na Presses Lavigerie, chapa ya Mapadri Weupe. Mwandishi Mrundi, habari za baba yake Mrundi, wino wa Bujumbura. Mei 1972 aliuawa huko Gitega, hajafika arobaini, katika mauaji yaliyowafagia Wahutu waliosoma. Hakuacha maneno ya kubembeleza. Aliandika juu ya imani yake na juu ya unyonge wa kutawaliwa katika kitabu kimoja, na hakuna aliyemwomba achague. Baadaye ikaanzishwa tuzo ya hadithi fupi yenye jina lake. Tunaishukuru. Ni ya Kifaransa, nasi wengi wetu hapa tunaota, tunaomba na kugombana kwa Kirundi na Kiswahili, basi tunaipigia makofi tukiwa nje ya uzio.

Wala asituambie mtu kwamba Kiswahili hakina mabega ya kubeba mzigo huu. Mathias Mnyampala wa Tanzania, Mgogo na mtumishi wa serikali, aliitia Injili katika utenzi, akazitia na Zaburi, kabla hajafariki mwaka 1969. Mashairi alikuwa nayo. Na chapa ilikuwapo ya kuyapokea.

Chapa, hiyo ndiyo tunayoililia. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na haukupita muda mrefu misheni yao ikawa na mashine ndogo ya kuchapia, ambayo vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kuipangia herufi. Wamisionari wale tunaweza kuwalaumu kwa mengi na huwa tunawalaumu. Kwa hili hapana. Walielewa kwamba watu wakiambiwa wasome, sharti kuwe na cha kusoma. Warithi wao wamenunua spika, na kila baada ya miaka michache wananunua kubwa zaidi, hata Waislamu majirani zetu na walevi wa baa wameungana kutulalamikia.

Tukisema hivi tunaambiwa tumepoa kiroho. Mwandishi wa kweli, wanasema, hatafuti mambo ya dunia. Basi wamsome Paulo. Yuko kifungoni, anajua kifo kiko karibu, anamwandikia Timotheo barua inayoitwa ya pili. Anaomba nini? Aletewe joho aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume mzima, aliyetia moyo makanisa kuanzia Antiokia mpaka Rumi, mwisho wa siku zake anaagiza vifaa vya kuandikia na nguo ya baridi. Timotheo angemjibu "Mungu atakulipa" tungemwonaje?

Na wamsome Baruku, huyo hasa. Katika kitabu cha Yeremia kuna sura ya 45, fupi, mistari mitano tu, na yote ni habari ya karani anayenung'unika. Amechoka kuugua, anasema, hapati raha. Mungu hakumwambia kalamu yake ina upako. Alimwambia asijitafutie makuu, maana nchi nzima inang'olewa. Lakini roho yake atapewa iwe nyara, kila mahali atakapokwenda. Kila mahali atakapokwenda! Sisi tuliohama na maji mara ya kwanza, tukarudi, tukahama tena, tuliposoma sura hiyo hatukuhitaji mkalimani. Jibu ni kali, halikumpa alichotaka, na bado limetukalia vizuri kuliko yote tuliyoambiwa mlangoni pa kanisa. Labda kwa sababu aliyejibu alikuwa amelisikiliza lalamiko mpaka mwisho. Makuu hatutafuti.

Ofisini kwa kanisa moja hapa kuna printa iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi. Hufunuliwa kwa programu za harusi. Tunataka ifunuliwe na kwa ajili yetu, siku moja katika wiki, karatasi tutachangishana. Tunataka jina la mtunzi liandikwe kwenye programu hizo hizo chini ya wimbo wake, kwa herufi ndogo kadiri wapendavyo. Tunataka rafu moja, juu, maji yasikofika, ya kuwekea kayee za watu. Na maandishi yasiyo na ushindi yasomwe walau mara moja kwa mwaka, tarehe 13 Agosti, bila aya ya kufungia.

Jumapili ijayo kuna kikao cha wazee baada ya ibada. Ajenda ya kwanza ni spika, ya pili ni sare za kwaya, ya tatu ni mapokezi ya mgeni kutoka mjini. Ombi letu limeingizwa kwenye mengineyo. Mengineyo huwa hayafikiwi, kwa sababu saa hiyo wazee wana njaa na wake zao wameshatuma watoto kuwaita. Safari hii dada yetu wa ndagala amejitolea kuwapikia hapo hapo.